Shimo tunaloliacha nyuma



Katika sura ya 51, Nabii Isaya anawaalika watu wa Mungu wautazame mwamba walikochongwa na shimo walimochimbwa. Alitaka wawakumbuke wazazi wao, Abrahamu na Sara. Sisi wa mijini tunaweza pia kulipokea neno hilo jinsi lilivyo. Nyumba zetu, barabara na hata makanisa yetu yametoka shimoni. Kila jiwe lililo ukutani liliacha pengo mahali fulani. Je, pengo hilo limeachiwa nani?

Hapa Kenya yako machimbo mawili yanayotufundisha.

Ya kwanza yako Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya chokaa tangu miaka ya 1950, kikaacha uwanda mkavu usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyefanya kazi kiwandani, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita zilibaki tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje ulistahimili chumvi, lakini majani yake yalirundikana juu ya mawe bila kuoza. Aliyeleta ufumbuzi ni jongoo. Haller aliwaona wakila majani hayo, akawaleta kwa wingi na kuwaachilia chini ya miti. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mimea mingine ikaota, ndege na wanyama wakafuata. Leo watu huenda huko kuwalisha twiga.

Ya pili yako Dandora, Nairobi. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za mradi wa viwanja 6,000 hapo, ili wenye kipato kidogo wajijengee nyumba. Lakini machimbo ya kale yaliyokuwa jirani yalifanywa jaa la taka za jiji. Shimo lilijaa zamani. Sasa ni mlima, na moshi wake huingia katika nyumba za Dandora na Korogocho. Mwaka 2007 uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ulionyesha kwamba nusu ya watoto waliopimwa karibu na jaa walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichokubalika.

Wapendwa, yote mawili yalianza kama mashimo matupu. Moja lilipewa miti na muda. Jingine lilipewa mabaki ya meza zetu, na maskini wakapewa moshi. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Dandora tunavisikia vyote viwili kwa pamoja.

Wapo watakaosema: watu wanahitaji nyumba, si msitu. Ni kweli, nyumba zinahitajika. Lakini tusome Mwanzo sura ya 2: Mungu alimpandia mtu bustani, ndipo akamweka humo aishi. Mti na uwanja wa watoto kuchezea ni sehemu ya makao, si pambo la matajiri. Naye Bwana wetu alituonya kuhusu mjenzi asiyejali msingi. Shimo lililofukiwa kwa taka na kuuzwa harakaharaka kama ploti ni mchanga wa siku zetu.

Basi Jumuiya Ndogo Ndogo zisiache vikao vya umma kwa wanasiasa pekee. Mwekezaji anapoomba kuchimba mawe, tuulize ataacha nini. Anapotaka kujenga katika machimbo ya zamani, tuulize yamefukiwa kwa nini, na miti itakaa wapi. Na kila mmoja aulize takataka za nyumba yake zinaishia mlangoni pa nani.

Mungu hakumdharau jongoo wa Bamburi. Hatazidharau juhudi zetu ndogo. Awajalie Dominika njema.