Kubadilisha Ubao Mama Bila Kuua Taa

Binamu yangu aliweka akiba mwaka mzima, akaibadilishia kompyuta yake ubao mama. Aliponunua kompyuta hiyo ilikuwa imeshaundwa tayari, na kasha lake lilimetameta taa za rangi. Aliufunga ubao mwenyewe. Kompyuta ikawaka, lakini taa zikameta mara moja tu, zikafa!

Kumbe plagi za taa hizi ni aina mbili. Ile ya pini 4 ni ya volti 12, nazo taa zote huwa rangi moja kwa pamoja. Ya pini 3 ni ya volti 5, na kila taa hubadilika kivyake. Zake zilikuwa za volti 5, naye akazishindilia penye 12 hadi pini moja ikapinda. Zisiungue vipi?

Basi kwanza chomoa waya wa stima. Hesabu pini, usome maandishi ubaoni. Plagi isipofanana na yoyote usiilazimishe, maana makampuni mengine hujitengenezea zao. Tafuta kebo ya kugeuzia. Kile kitaa kidogo cha mbele kisikutishe: ukigeuza nyaya zake hakiwaki tu, zigeuze tena.

Binamu sasa anacheza gemu gizani.