Ua la mukuba: namna ya kulitambua kwenye vilima vya Katanga

Mutu anayesafiri kwa barabara kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, kisha Fungurume hadi Kolwezi, anaona kitu cha ajabu. Pori la miombo limefunika kila pahali, lakini hapa na pale kinatokea kilima ambacho kichwa chake hakina miti. Ni majani tu, mawe, na udongo mukavu. Wageni wanafikiri watu walikata miti kwa kuchoma makala. Hapana. Ni udongo wenyewe unaokataza miti.

Vilima hivyo, zaidi ya 100 katika Haut-Katanga na Lualaba, vimebeba mukuba na kobalti karibu sana na uso wa ardhi. Kwenye vingine, kilo moja ya udongo inaweza kuwa na gramu 10 za mukuba na hata kupita. Kwa mizizi ya mti wa kawaida hiyo ni sumu. Lakini kuna mimea iliyozoea. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500 kwenye vilima hivyo, na kati yake aina zaidi ya 30 haziishi pahali pengine popote duniani, ni kwenye udongo wa mukuba wa Katanga tu.

Lenye kujulikana zaidi ni lile linaloitwa ua la mukuba. Jina lake la kisayansi ni Haumaniastrum katangense. Jina Haumaniastrum lilitolewa na Wabelgiji wawili, Duvigneaud na Plancke, mwaka 1959, kwa heshima ya mtaalamu wa mimea Lucien Hauman.

Namna gani mutu analitambua? Aanze na shina. Ua hili ni la jamaa moja na lumba-lumba, na jamaa hiyo ina alama yake: shina lina pembe 4. Likizungushwa kati ya vidole, pembe zinasikika. Majani ni membamba na marefu kidogo, yanaota yakitazamana. Mmea wenyewe ni mfupi, mara nyingi haufiki kwenye goti. Juu kabisa maua madogo-madogo yamekusanyika pamoja kama kichwa kimoja, rangi ya zambarau. Linachanua mvua zikielekea kwisha na kiangazi kikiingia, wakati majani mengine ya kilima yanaanza kuwa rangi ya kahawia. Linaishi musimu mmoja tu, kisha linakufa na kuacha mbegu.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Ua hili lina ndugu yake, Haumaniastrum robertii, ambalo linafanana nalo sana na linapatikana zaidi upande wa Kolwezi, kwenye udongo wenye kobalti nyingi. Mwaka 1977 watafiti walitangaza kwamba majani yake yana kobalti kupita gramu 10 kwa kilo moja ya majani makavu, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwenye mmea wowote. Miaka 30 baadaye, watafiti wengine walichukua mimea ya vilima hivyo na kuiosha vizuri kabla ya kuipima. Hesabu zilishuka sana. Kumbe sehemu kubwa ya madini ilikuwa vumbi lililobandika juu ya majani! Wanawake wanaouza lenga-lenga kando ya barabara za magari ya madini wangeweza kuwaambia hivyo mapema.

Watu wa zamani walijua kusoma vilima. Kabla ya Wazungu kufika, wayeyushaji wa Katanga walikuwa wakitengeneza misalaba ya mukuba iliyofika mbali kwa biashara. Pale walipoacha tanuru zao, udongo ulibaki na madini, na ua la mukuba likaota. Karne nyingi baadaye, wachimbuzi wa mambo ya kale walifuata maua hayo na kukuta mabaki ya tanuru chini yake.

Hadithi hiyo inaeleza pia kwa nini ua hili linadanganya. Linapenda udongo uliovurugwa. Linaota kando ya reli, kandokando ya viwanda, hata pale lori limemwaga mawe ya madini. Kwa hiyo creuseur anayeliona na kuanza kuchimba anaweza kutoboa mita nyingi bila kukuta kitu. Ua linasema kuna mukuba kwenye udongo wa juu. Halisemi kama chini kuna mushipa.

Lakini kuvurugwa kunakolisaidia ua hili kunaua mengine. Mengi kati ya mimea adimu ya vilima ni ya kudumu miaka mingi, yenye mizizi minene inayovumilia moto wa kiangazi, na hayawezi kuhama. Acalypha dikuluwensis, jamaa ya mbali ya muhogo, ilijulikana kwenye kilima kimoja tu, Dikuluwe, karibu na Kolwezi. Kilima kikachimbwa, na leo mmea huo umeandikwa kati ya ile iliyotoweka duniani. Hakuna kitalu kilichokuwa na mbegu zake.

Tangu hapo kuna kazi inafanyika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, wamekusanya mbegu na kujaribu kuhamisha vipande vya udongo pamoja na mimea yake kwenda pahali pasipochimbwa. Mimea mingine inashika, mingine inagoma. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 zinadai uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba, na hapo ndipo mkaaji wa kijiji anaweza kuuliza: kwenye kilima hiki, mimea gani imehesabiwa, na itapelekwa wapi?

Anayekuta ua analolidhania kuwa adimu asiling'oe. Apige picha ya mmea muzima, ya shina kwa karibu, ya majani na ya kichwa cha maua, kisha aandike tarehe na jina la kilima. Picha ya ua peke yake haitoshi, kwa sababu aina nyingi zinafanana kwa rangi. Picha hizo zinaweza kupelekwa kwa walimu wa mimea kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na hata kama linafanana na lumba-lumba, lisitiwe kwenye chai.