Bangi na Mgonjwa wa Saratani

Dada yangu alipokuwa akitiwa dawa za saratani, hata harufu ya uji ilimtapisha. Siku moja baada ya alasiri, jirani akaninong'oneza barazani: "Sheikh, mtafutie bangi kidogo." Nilikasirika. Chuoni tulifunzwa kuwa kila kilevi ni haramu, na hapa Kenya sheria ya mwaka 1994 yaikataza.

Usiku nikawaza, kwani jirani hakusema upuuzi mtupu. Kiini chenye kulevya katika mmea huo, THC, kilitengwa na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni mwaka 1964. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vidonge vya dronabinol, yaani THC iliyotengenezwa maabara, kwa wagonjwa ambao dawa nyengine za kuzuia kutapika haziwafai. Havitibu saratani, wasomaji wangu. Hutuliza tumbo tu, tena huweza kuleta kizunguzungu. Na kidonge kilichopimwa si msokoto wa kichochoroni.

Maalim niliyemwendea aliniuliza swali moja: "Dawa ya halali imekosekana?"

Nikarudi kwa daktari. Akambadilishia dada dawa ya kichefuchefu, akampa ondansetroni. Kesho yake jioni aliomba mkate wa mofa.