Kikapu cha Vyuo Marekani (3): Ubingwa Unaopatikana kwa Siku Tano

Msomaji aliyefuatilia sehemu mbili zilizotangulia anajua kwamba vyuo vikuu vya Marekani havina ligi moja ya taifa ya mpira wa kikapu wa wanawake. Vimejigawa katika konferensi, na kila konferensi ina ratiba yake na msimamo wake. Machi ikiingia, ligi zikiwa zimekwisha na kinara ameshajulikana, kazi inaanza upya. Kwa kawaida timu hukusanywa katika mji mmoja na kuchezeshwa mtoano: ukifungwa, unapanda basi kurudi chuoni. Mshindi wa mtoano huo, wala si kinara wa ligi, ndiye anayepewa nafasi ya moja kwa moja katika fainali za taifa za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo.

Sasa ligi ya miezi miwili na zaidi ilikuwa ya nini? Inategemea unaizungumzia konferensi ipi.

Tuchukue SEC, yenye vyuo 16 tangu Texas na Oklahoma zijiunge mwaka 2024. Wasomaji wa Kenya wanaijua kwa sababu ya Madina Okot, aliyetoka Chuo Kikuu cha Zetech akaichezea Mississippi State, kisha mwaka 2025 akahamia South Carolina. Huku, matunda ya ligi ni mapumziko. Timu nne za juu hazigusi mpira hadi robo fainali, na zinazoshika nafasi ya tano hadi ya nane huruka raundi ya kwanza. Kinara anahitaji ushindi mara tatu. Aliyeshika nafasi ya tisa au chini yake anahitaji mara tano, siku tano mfululizo. Kila mchezo ni robo nne za dakika 10, na kwa nguvu wanayocheza mabinti hawa, siku ya tano miguu haina tena cha kutoa.

Hata hivyo, kwa mkubwa, kufungwa hapa si msiba. Mwaka 2022 mjini Nashville, Kentucky iliyopangwa ya saba iliifunga South Carolina ya kocha Dawn Staley 64-62 katika fainali, kwa mtupo wa pointi tatu wa Dre'una Edwards zikiwa zimebaki sekunde chache. Nderemo kwelikweli. Lakini South Carolina ilikwenda NCAA vilevile, ikatwaa ubingwa wa taifa. Kentucky ilitolewa na Princeton katika mchezo wake wa kwanza. Kwa wakubwa, basi, mtoano huu ni suala la heshima, la kupangiwa wapinzani wepesi zaidi, na la mapato ya mlangoni. Mwaka 2024 tiketi zote za mashindano ya konferensi ya Big Ten mjini Minneapolis ziliisha mapema, kwa kuwa watu walitaka kumwona Caitlin Clark, nyota wa Iowa. Hawakujuta: Iowa yake ilihitaji muda wa nyongeza kuishinda Nebraska 94-89 katika fainali.

Kwa wadogo hali ni nyingine kabisa. Mwaka 2025 fainali za NCAA zilikuwa na nafasi 68. Nafasi 31 zilikwenda kwa mabingwa wa konferensi na 37 zikagawanywa na kamati ya uteuzi, ambayo kwa kawaida huwatazama wakubwa. Konferensi ndogo nyingi hupata nafasi moja tu. Kinara aliyewatesa wenzake msimu mzima akiteleza usiku mmoja, huishia mashindano ya daraja la pili. Na kinyume chake hutokea: mwaka 2022 Incarnate Word ya San Antonio ilitwaa ubingwa wa konferensi ya Southland na kwenda NCAA, ingawa msimu huo ilikuwa imepoteza michezo mingi kuliko iliyoshinda.

Ni dhuluma? Ivy League, ligi ya Harvard na Yale, iliona hivyo kwa miaka mingi, ikawa inampeleka kinara wa ligi bila mtoano. Na kinara huyo hakuwaaibisha: mwaka 1998 Harvard ya wanawake, iliyopangwa ya 16, iliifunga Stanford iliyopangwa ya kwanza, 71-67. Ivy ilisalimu amri mwaka 2017, lakini kwa masharti: mtoano wake ni wa timu nne tu. Mimi naiona hiyo ndiyo njia yenye busara kuliko zote. Timu ya mkiani haiwezi kuamka Machi ikadai ubingwa, na bado wa nne ana sababu ya kupigana hadi wiki ya mwisho.

Konferensi nyingine haziwezi kujibana hivyo, kwa sababu michezo ikipungua, mapato nayo hupungua. Na sasa kuna hesabu nyingine. Kwa miaka mingi konferensi zililipwa na NCAA kwa michezo ya timu zao za wanaume katika fainali za taifa. Kwa wanawake hazikulipwa hata senti. Januari 2025 vyuo vilipiga kura kuanzisha mfuko wa wanawake, dola milioni 15 kwa mwaka wa kwanza, utakaofikia milioni 25 mwaka 2028. Konferensi ndogo ambayo bingwa wake atashinda mchezo mmoja tu huko mbele itakuwa imejiongezea fungu. Baadhi ya konferensi ndogo tayari humlinda kinara kwa kumvusha raundi kadhaa ili asipotee njiani, na bila shaka fedha hizi zitazishawishi nyingine kufuata.

Sehemu ya nne: kamati ya uteuzi, na jinsi bingwa asiyetarajiwa anavyomnyang'anya mwingine nafasi.