Baiskeli moja, lami na mbuga: andaa baiskeli yako ya gia kwa kazi ya shamba

Leo tuweke mbolea na mbegu pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachokula faida yako kimyakimya: usafiri wa kutoka shamba hadi sokoni.

Wengi wenu mna baiskeli za gia za mtumba. Ni nzuri, ila zilitengenezwa kwa mtu mmoja kutembelea njia za milimani bila mzigo. Wewe unatoka kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Mwamkulu au Kakese, unapita njia ya mchanga, halafu unaingia lami kuja Mpanda mjini. Ukitoka Sitalike ndiyo kabisa, lami ni zaidi ya kilomita 30. Huhitaji baiskeli mbili. Unahitaji kurekebisha hiyo moja uliyonayo.

1. Anza na tairi

Tairi lenye meno makubwa linashika vizuri kwenye tope, lakini kwenye lami linanguruma, linakumaliza nguvu, na meno yenyewe yanaisha haraka. Tairi laini kabisa nalo kwenye tope linateleza tu. Chagua la katikati: lenye mstari laini ulioungana katikati na meno pembeni. Kwenye lami unatembelea ule mstari, kwenye udongo laini tairi linazama kidogo na meno ya pembeni yanashika. Upana wa 1.75 hadi 1.95 unatosha.

Hapa niwape kosa langu mwenyewe. Niliwahi kununua tairi limeandikwa 26 x 1 3/8, nikajua 26 ni 26 tu. Nimefika nyumbani, halikai kwenye rimu! Kumbe 26 ya desimali (mfano 26 x 1.75) ina kipenyo tofauti na 26 ya sehemu. Angalia namba ndogo ubavuni: tairi la baiskeli ya gia ya inchi 26 huandikwa 559 mwishoni, mfano 47-559. Ile 26 x 1 3/8 ni 590. Hela yangu ikaenda hivyohivyo.

2. Upepo

Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 40-65 PSI. Kwenye lami ukiwa na mzigo, jaza karibu na kiwango cha juu. Ukienda shamba bila mzigo kwenye mchanga, punguza kuelekea kile cha chini. Usishuke zaidi ya hapo, na tairi la nyuma lenye mzigo usilipunguze sana. Ukigonga jiwe, tyubu inabanwa na rimu na unakuta matundu mawili yamekaa jirani. Ukiona matundu ya namna hiyo, usimlaumu mwiba. Upepo ulikuwa mdogo.

3. Shokapu

Baiskeli yenye shokapu ya nyuma achana nayo kwa kazi ya mzigo. Kerea haina pa kufungwa vizuri, na kila ukikanyaga pedali nguvu inaishia kwenye springi. Shokapu ya mbele inavumilika. Ikiwa imechoka, imelegea na inacheza, mwambie fundi akufungie foku ya kawaida ya saizi hiyohiyo. Baiskeli inakuwa nyepesi na matengenezo yanapungua.

4. Gia

Tuchukue baiskeli yenye meno 48 na 28 mbele, 14 na 28 nyuma. Ukiweka 28 mbele na 28 nyuma, pedali ikizunguka mara moja unasogea kama mita 2. Ukiweka 48 mbele na 14 nyuma, unasogea kama mita 7. Ile ya kwanza ni ya mchanga na kilima ukiwa na mzigo, ya pili ni ya lami tambarare ukiwa mtupu. Badilisha gia kabla ya kuingia kwenye mchanga. Ukisubiri mpaka umekwama, cheni inakatika.

Kingine, acheni kumwagia cheni oili chafu ya pikipiki. Inashika vumbi, na vumbi lenye oili linasaga meno kama msasa. Futa cheni kwa kitambaa, weka tone dogo la oili safi kwenye kila kiungo, kisha futa ya nje.

5. Kerea na mzigo

Kerea ifungwe kwa bolti kwenye fremu, sio kubana kwenye mlingoti wa kiti. Nyingi nyepesi za dukani zimeandikwa kilo 25. Heshimu hiyo namba, au mwone fundi wa kuchomelea akutengenezee ya nondo. Mzigo ukae chini na ugawanyike sawa pande mbili. Madumu mawili ya lita 20 yaliyokatwa juu na kuning'inizwa kushoto na kulia yanafanya kazi nzuri. Hakikisha kisigino hakiyagongi. Nyanya weka kwenye chombo kigumu chenye nyasi kavu chini, sio kwenye kiroba. Nyanya iliyopondeka njiani ulishailipia mbegu, maji na dawa. Na tafadhali, dumu lililobeba viuatilifu lisibebe chakula kamwe.

Kila wiki bana spoku za nyuma mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea ikazwe mapema, kabla rimu haijapinda.

6. Masika na usiku

Udongo wa mbuga unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Masika inyanyue madigadi au itoe. Kagua raba za breki, maana tope linazila haraka. Kwenye lami weka taa na kiakisi cha nyuma, malori hayana huruma.

Inalipa?

Piga hesabu yako. Tuseme bodaboda inakutoza 5,000 kwa safari, na unapeleka nyanya mara 3 kwa wiki kwa wiki 8. Hiyo ni 120,000. Weka bei halisi ya kwenu, kisha linganisha na gharama ya tairi mbili, kerea na fundi.

Ila tusidanganyane. Magunia ya mpunga au mahindi sio kazi ya baiskeli, hapo ungana na wenzako mkodi gari. Baiskeli ni ya mboga, nyanya, pembejeo ndogo, na kufika shambani kila siku. Shamba linalotembelewa kila siku, wadudu wake wanaonekana mapema.

Jumamosi hii kabla ya kwenda sokoni, geuza baiskeli juu chini, anza na tairi. Tukutane shambani.