Mabingwa wa Tenisi ya Meza na Swali la Baba Mmoja



Juma lililopita, tulipomaliza darsa ya kina mama na watu wakawa wanatoka, mama mmoja alibaki nyuma akiwa na kadhia ya nyumbani kwake. Bintiye, aliye Gredi ya 7, amechaguliwa kuingia katika timu ya tenisi ya meza ya shule. Mazoezi hufanyika ukumbini, wasichana peke yao na mwalimu wao wa kike, na saa za swala na za chuo hazikuguswa. Mama hakuwa na pingamizi. Aliyekuwa na shaka ni baba. Hakugomba wala hakupiga marufuku, aliuliza tu, mbele ya binti, "Kugongagonga kipira juu ya meza kutampeleka wapi?" Binti hakujibu neno. Aliichukua raketi yake akaiweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakuigusa.

"Sheikh, nimjibu nini baba yake?" mama akatuuliza.

Tungeweza kumjibu papo hapo kwa maneno ya jumla kuhusu faida ya mazoezi kwa mwili. Lakini swali la baba lilikuwa swali la haki, nalo lilistahiki jawabu la haki. Tukamwomba mama atupe muhula wa juma moja, tukaenda kusoma mchezo huu umewapeleka wapi wale walioucheza wakafika kileleni. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Mchezo wa baada ya chakula

Tenisi ya meza ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, katika nyumba za watu wenye nafasi. Baada ya chakula cha usiku, vyombo vilipoondolewa, wenyeji na wageni wao waliigawa meza kwa kitu mfano wa wavu na kuanza kurushiana kipira. Mnamo mwaka 1900 hivi vikaja vipira vyepesi vya seluloidi vyenye mdundo mzuri, na hapo ndipo mchezo ulipopata uhai. Hata leo ni mchezo wa vitu vidogo: meza yake ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, na kipira chake kina uzito wa gramu 2.7 tu.

Mwaka 1926 liliundwa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza, na mwezi wa Desemba mwaka huo mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanyika London. Rais wa shirikisho alikuwa kijana wa miaka 22, Ivor Montagu, ambaye aliliongoza hadi mwaka 1967. Mama yake, Lady Swaythling, ndiye aliyetoa kikombe ambacho timu za wanaume za mataifa hukishindania mpaka leo. Hungaria ilivichukua vikombe vyote 5 vya mwaka huo, na kwa miaka mingi iliyofuata ndiyo iliyokuwa taifa la kutetemesha. Mwana wake Viktor Barna alikuwa bingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara 5 kati ya mwaka 1930 na 1935. Na mashindano hayo hayakubaki Ulaya tu: mwaka 1939 yalifanyika Cairo, katika ardhi ya Misri.

Wanawake tangu siku ya kwanza

Hapa twapenda kina mama watusikilize vyema. Katika michezo mingi, wanawake walisubiri miaka na dahari hadi wafunguliwe mlango. Katika tenisi ya meza walikuwamo tangu siku ya kwanza. Katika mashindano yale ya 1926 palikuwa na ubingwa wa wanawake, nao ulitwaliwa na Mária Mednyánszky wa Hungaria. Akautwaa tena na tena, mara 5 za mwanzo mfululizo, hadi mwaka 1931.

Baada yake alikuja mwanamke ambaye kisa chake kilitugusa zaidi. Angelica Rozeanu alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1921. Alikuwa amekwisha kujulikana kwa umahiri wake pale vita vya pili vya dunia vilipozuka. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, sheria za nchi yake za wakati huo zilimfungia milango ya kumbi za michezo, na miaka ambayo mchezaji huwa katika ubora wake ikampita akiwa amekaa. Dhulma ni dhulma, awe aliyedhulumiwa ni nani. Vita vilipokwisha aliishika tena raketi yake, na kuanzia mwaka 1950 hadi 1955 akawa bingwa wa dunia mara 6 mfululizo. Tangu yeye, ubingwa wa dunia wa mwanamke mmoja mmoja haujawahi kutoka nje ya bara la Asia.

Upepo wageukia Asia

Ufalme wa Ulaya ulianza kutikisika Bombay mwaka 1952. Mjapani Hiroji Satoh alikuja na raketi iliyovikwa sponji nene. Wenzake walizoea kusikia mlio wa kipira kinapogongwa, na kwa mlio huo walijua kinakuja kwa nguvu gani. Raketi ya Satoh haikulia. Wapinzani walibaki wakibahatisha, naye akaondoka na ubingwa.

Baada ya Japani ikafuata Uchina. Mwaka 1959, mjini Dortmund, Ujerumani, kijana aitwaye Rong Guotuan alikuwa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote ule. Nchi nzima ilimshangilia. Miaka miwili baadaye, Qiu Zhonghui akawa mwanamke wa kwanza wa Uchina kuutwaa ubingwa huo, na Zhuang Zedong akautwaa upande wa wanaume mwaka 1961, 1963 na 1965.

Lakini tusimame kidogo kwa Rong Guotuan. Yalipokuja Mapinduzi ya Utamaduni, shangwe zile ziligeuka shubiri. Mabingwa walishukiwa, wakahojiwa, wakadhalilishwa. Mwaka 1968 Rong alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 30, na wenzake wawili wa tenisi ya meza walikufa hivyo hivyo mwaka huo huo. Mikono iliyompigia makofi haikumshika alipokuwa anaanguka. Tulipofika hapa katika kusoma kwetu, tulimkumbuka yule baba, tukaona swali lake lina uzito kuliko tulivyodhani. Kikombe peke yake hakimhifadhi mtu.

Hidaya ndani ya basi

Uchina haikuonekana katika mashindano ya dunia ya mwaka 1967 na 1969. Iliporejea, mjini Nagoya, Japani, mwaka 1971, likatokea jambo ambalo wanahistoria wanalisimulia mpaka leo.

Uchina na Marekani wakati huo zilikuwa mahasimu, hazina ubalozi wala maamkizi. Siku moja kijana wa timu ya Marekani, Glenn Cowan, aliingia katika basi la Wachina. Basi likanyamaza. Wachezaji wa Uchina walikuwa wameonywa wasichanganyike na Wamarekani, na hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Aliyeinuka kutoka viti vya nyuma ni Zhuang Zedong, bingwa wa mara tatu. Alimsalimu mgeni kupitia mkalimani, akampa hidaya ya kitambaa cha hariri chenye picha ya milima mashuhuri ya Huangshan.

Wapiga picha waliwakuta wawili hao wakishuka garini pamoja, na habari ikaenea ulimwenguni. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilialikwa Uchina, ikaingia huko tarehe 10 Aprili 1971. Mwezi wa Februari 1972, Rais Nixon mwenyewe akatua Beijing. Hatusemi kwamba kitambaa kimoja kilimaliza uhasama wa miaka zaidi ya 20. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wakitafuta njia kwa siri. Lakini njia ilihitaji mtu wa kuianza hadharani, na aliyeianza alikuwa mchezaji mwenye adabu ya kumpokea mgeni.

Mwaka huo huo wa 1971, mwezi wa Oktoba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirudishia Serikali ya Beijing kiti cha Uchina. Miongoni mwa waliolipigania jambo hilo kwa bidii ni mwana wa Zanzibar, Salim Ahmed Salim, aliyekuwa balozi wa Tanzania katika Umoja huo. Yeye hakutumia raketi bali ulimi, na hakuyumba hata pale wenye nguvu walipochukizwa.

Meza iliunganisha watu tena mwaka 1991. Ichiro Ogimura wa Japani, bingwa wa dunia wa mwaka 1954 na 1956, alikuwa sasa rais wa shirikisho la kimataifa. Alisafiri mara nyingi kwenda Korea zote mbili kuzishawishi zipeleke timu moja katika mashindano ya Chiba. Zikakubali. Hyun Jung-hwa wa Kusini na Li Pun-hui wa Kaskazini walifanya mazoezi pamoja na kucheza upande mmoja, na timu yao ya wanawake ikaishinda Uchina katika fainali. Kisha kila mmoja akarudi kwao, mpaka ukiwa umefungwa kama kawaida. Waliyoyapata hayakudumu, lakini yalionyesha kwamba yawezekana.

Aliyeambiwa ni mfupi

Tenisi ya meza iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1988, huko Seoul. Tangu hapo hadi Paris mwaka 2024 zimetolewa medali 42 za dhahabu, na Uchina imechukua 37. Wachache wameweza kuuvunja ukuta huo, na mashuhuri wao ni Jan-Ove Waldner wa Uswidi, aliyepata dhahabu mwaka 1992. Lakini katika mabingwa wote wa Kichina, mwenye somo kubwa kwa wazazi ni Deng Yaping.

Deng alifundishwa na baba yake tangu akiwa na miaka 5. Alipotaka kuingia katika timu ya jimbo lake alikataliwa, kwa hoja kwamba ni mfupi mno. Na kweli hakurefuka. Utu uzima wake ulimkuta na kimo cha mita 1.5 hivi. Ila wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Deng alipata medali 4 za dhahabu za Olimpiki, mbili mwaka 1992 na mbili mwaka 1996, na akawa bingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara 3.

Kisha, mwaka 1997, akiwa na miaka 24, aliiweka raketi chini na kushika kalamu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, akaendelea Nottingham, Uingereza, na mwaka 2008 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Baba aliyeuliza mchezo utampeleka mtoto wapi, na alitazame hilo. Subira ile ile iliyomfundisha kurudisha kipira mara elfu ndiyo aliyoingia nayo darasani.

Mwanamume wa Dimyati

Wa mwisho hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Ibrahim Hamadtou ni Mmisri wa Dimyati. Akiwa na miaka 10 alipoteza mikono yake yote miwili katika ajali ya treni. Alipotamani kucheza tenisi ya meza alijaribu kuibana raketi kwapani, ikamshinda. Mwishowe akaishika kwa meno. Kipira cha kuanzia hukinyanyua kwa vidole vya mguu, akakirusha juu, akageuza shingo na kukipiga. Kwa namna hiyo alifika katika Michezo ya Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, na baadaye ya Tokyo. Michezo yake ya Rio na Tokyo hakuishinda, lakini hakuna aliyemtazama akamwona kuwa ameshindwa.

Jawabu letu

Juma lilipotimia tuliketi na mama na baba wa binti pamoja, tukawasimulia kama tulivyowasimulia nyinyi. Kwa baba tulisema kwamba shaka yake ina msingi, kwa kuwa yupo aliyefikishwa kileleni na mchezo huu akaachwa peke yake huko. Dawa yake ni mzazi kuwa karibu, amjue mtoto kabla ya medali na baada ya medali. Masomo yasirudi nyuma, sitara ihifadhiwe, na akishindwa apokewe nyumbani kwa uso ule ule anaopokewa akishinda.

Kwa mama tulisema kwamba mchezo haumpeleki mtu mahali kwa nguvu zake wenyewe. Humkuta mtu na tabia aliyolelewa nayo, ukaidhihirisha. Zhuang Zedong alikuwa amekwisha kuwa bingwa mara tatu kabla hajapanda basi lile, lakini ulimwengu unamkumbuka kwa dakika chache alizomkirimu mgeni. Tabia ya namna hiyo hufundishwa sebuleni, na wa kuifundisha ni nyinyi wawili.

Baba alinyamaza kwa kitambo. Kisha akauliza mazoezi ni siku gani, na saa ngapi yanakwisha, ili awe akienda kumchukua.

Tunasikia raketi imeteremshwa kabatini. Wabillahi tawfiq.