Chakula Kilichosalia Nyimboni

Neno "tini" nililijua kabla sijaijua tini yenyewe. Nilikuwa mtoto wa chuoni, nimeketi mkekani mbele ya mwalimu, juzuu mapajani, tukisoma ile sura inayoanza kwa kiapo cha tunda hilo. Mwalimu akatufasiria kwamba ni tunda tamu la nchi za Sham. Tukaitikia, "Naam, maalim," na hali hatujui lina umbo gani wala rangi gani. Ilipita miaka mingi ndipo jamaa mmoja aliyetoka Hija akaniletea tini kavu. Nikaitia kinywani, nikasema moyoni: "Kumbe ndiwe wewe!"

Kisa hicho kilinirudia hivi karibuni mjukuu wangu aliporudi nyumbani na wimbo wa Kiingereza wa Krismasi. Skuli yao, kama nyingi za hapa Mombasa, ina watoto wa kila dini, na mwaka unapokaribia kufungwa huimba pamoja. Wimbo wenyewe ni ule wa watu wanaotakia wenzao heri ya sikukuu, kisha hapo hapo wakadai waletewe pudini ya tini, na kushikilia kwamba hawaondoki mpaka waipate.

"Babu," akaniuliza, "hiyo pudini ni kitu gani?"

"Ni chakula cha Wazungu, mjukuu wangu."

"Kikoje? Na mbona wanadai kwa nguvu? Bibi akisema mtoto akidai chakula nyumba ya watu amekosa adabu."

Nikakwama. Umri wangu ni hamsini na ushei, nimetunga mashairi na kuandika magazetini maisha yangu yote, na swali la mtoto wa darasa la tatu likanishinda. Basi nikaingia vitabuni.

Huenda msomaji akasema: Sisi Waislamu tuna haja gani na vyakula vya Krismasi? Kujua si kula. Nyimbo hizo kila Disemba twazisikia madukani na redioni, tutake tusitake. Majirani zetu Wakristo tumepelekeana sinia tangu zamani, wao kwetu na sisi kwao. Isitoshe, ndani ya nyimbo hizo mna jambo ambalo mtu aliyelelewa kwa zaka na sadaka atalitambua mara moja.

Nianze na hiyo pudini. Asili yake ni uji mzito wa kale uliopikwa kwa supu ya nyama, makombo ya mkate, matunda makavu na viungo. Karne baada ya karne nyama ikatoka, ikabaki shahamu ya ng'ombe, unga, mayai, zabibu na viungo, na mara nyingi pombe kali. Mchanganyiko huo ulifungwa kitambaani kama furushi, ukachemshwa kwa saa nyingi hata ukawa tonge kubwa jeusi la mviringo. Wengine walitia sarafu ya fedha ndani yake, na atakayeipata kwenye kipande chake huhesabiwa mwenye bahati.

Na tini je? Hapa mtu wa lugha atacheka. Wimbo huo watoka magharibi ya Uingereza, na aliyeupanga na kuuchapisha mwaka 1935 ni Arthur Warrell, mwalimu wa muziki wa mji wa Bristol. Katika lahaja za upande huo, neno la tini lilitumiwa pia kwa zabibu kavu. Kwa hiyo pudini ya tini yaweza isiwe na tini hata moja! Nimemjibu mjukuu wangu kwa neno, na neno lenyewe lina siri yake. Haya si mageni kwetu: neno la Lamu likifika Mvita huenda likageuka maana, na lifikapo Unguja likawa jambo la kuchekwa.

Sasa tuje kwenye kudai. Zamani za Uingereza, siku kumi na mbili za Krismasi zilikuwa na desturi ya watu wanyonge kwenda kuimba milangoni mwa matajiri. Mkulima aliyelima shamba la bwana mwaka mzima, siku hizo alibisha hodi kwa wimbo, akamwombea bwana afya na mavuno mema, na bwana akapaswa kutoa chakula, kinywaji na fedha kidogo. Kinywaji chenyewe kilikuwa pombe ya shayiri au ya matufaha, iliyopashwa moto na kutiwa sukari, tangawizi, kungumanga na matufaha ya kuchoma. Jina la desturi hiyo kwa Kiingereza ni wassail, na asili yake ni salamu ya kale yenye maana ya "uwe mzima". Kinywaji hicho kwetu ni haramu, lakini salamu yake ni njema.

Katika wilaya za mashamba ya matufaha, kama Somerset, walikwenda kuimbia hata miti. Walimwaga kinywaji shinani, wakatundika vipande vya mkate matawini, wakapiga kelele na kufyatua bunduki ili mti uamke uzae. Wako wanaofanya hivyo hadi leo tarehe 17 Januari, kwa sababu walikataa kuifuata kalenda mpya ya mwaka 1752 iliyowapunguzia siku kumi na moja!

Basi waimbaji wa pudini hawakukosa adabu. Walikuwa wakikumbusha haki. Bwana aliyefunga mlango siku hiyo ndiye aliyevunja ada, na kijiji kizima kilijua. Sisi tumefunzwa tangu chuoni kwamba katika mali ya mwenye nacho mna haki ya mwenye kuomba. Ndiyo maana zakatul-fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi, pishi ya chakula kwa kila kichwa, ili siku ya furaha isimkute masikini akizunguka milangoni. Wao walimwacha masikini aje aimbe. Sisi tumeamrishwa tumpelekee kabla hajaja. Njia ni mbili, lakini deni ni moja.

Si wote waliozipenda sherehe hizo. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, lililotawaliwa na Wakristo wenye msimamo mkali, liliipiga marufuku Krismasi, kwa hoja kwamba Kitabu chao hakikuiamrisha na kwamba watu walikuwa wakilewa na kufanya fujo. Ng'ambo ya bahari, Massachusetts, sheria ya mwaka 1659 ilimtoza faini ya shilingi tano atakayeonekana akiisherehekea, na haikufutwa mpaka mwaka 1681. Ubishi wa namna hiyo, wa nini kimeamrishwa na nini kimezuliwa, wasomaji wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa. Kila mwezi wa Mfungo Sita twausikia.

Marufuku ilipoondoka Uingereza na kurudi kwa mfalme mwaka 1660, sherehe zilirejea. Lakini karne ya 19 ilipofika, Krismasi ilikuwa imeanza kutoka barazani na kuingia chumbani, ikawa sikukuu ya baba, mama na watoto wao. Charles Dickens aliandika kisa chake cha Krismasi mwaka 1843, ndani yake familia ya karani masikini inakodolea macho pudini ndogo kwa watu wengi, na hapana hata mmoja anayethubutu kusema ni ndogo. Dickens aliujua umasikini huo. Baba yake alifungwa gerezani kwa deni mwaka 1824, naye, mtoto wa miaka kumi na miwili, akatiwa kazini katika kiwanda cha rangi ya viatu. Wimbo wa kudai ukabaki, ila mdai akasahauliwa. Leo anauimba mtoto aliyeshiba.

Kuna jambo jingine pudini hiyo inatugusa sisi. Mdalasini, kungumanga na karafuu hazioti Bristol. Zilitoka upande huu wa bahari, na katika karne ya 19 visiwa vya Unguja na Pemba ndivyo vilivyotoa sehemu kubwa ya karafuu iliyouzwa duniani. Waliochuma karafuu hiyo wengi wao walikuwa watumwa, waliotolewa bara na kuletwa mashambani. Hakuna wimbo wa Krismasi nilioukuta unaowataja. Harufu ilifika mezani, mchumaji hakufika.

Tuvuke sasa hadi Marekani, maana huko ndiko kwenye mfano wa huzuni zaidi. Upo wimbo mashuhuri unaoanza kwa kutaja kokwa za mti uitwao chestinati zikiokwa motoni. Robert Wells na Mel Tormé waliutunga mwaka 1945 huko California, wakati wa joto kali. Wells aliandika habari za baridi ili ajipoze kwa fikira! Nat King Cole akaurekodi mwaka 1946, na tangu hapo hapana Krismasi inayopita bila wimbo huo.

Kokwa hiyo ni kubwa kuliko korosho, ganda lake la hudhurungi, na ikiokwa huwa laini na tamu, karibu na kiazi kitamu. Zamani misitu ya milima ya mashariki ya Marekani ilijaa miti yake. Watu masikini wa milimani waliziokota kokwa kwa magunia, wakazipeleka stesheni ya reli ziuzwe mijini wakati wa sikukuu, na fedha zake ndizo zilizowanunulia watoto viatu. Mwaka 1904 ukagunduliwa ugonjwa wa kuvu katika miti ya bustani ya wanyama ya New York. Kuvu hiyo ilikuja na miti iliyoletwa kutoka Asia. Ilienea kwa upepo na mvua, na katika muda wa kiasi cha miaka hamsini iliua miti inayokadiriwa kuwa bilioni tatu hadi nne.

Tazama tarehe, msomaji. Wimbo ulipotungwa, ile miti ilikuwa imekwisha takriban yote. Mamilioni ya watu wakaimba kokwa ambazo misitu yao haikuzaa tena, na mtu wa milimani aliyezitegemea akawa hana cha kupeleka stesheni. Kokwa zinazookwa huko leo nyingi hutoka nchi za nje au kwa miti ya asili ya ugenini. Wimbo haukusema uongo, bali ulichelewa.

Na gogo la Krismasi lilipatwa na mambo kama hayo. Zamani Ulaya familia iliburuta gogo kubwa hadi mekoni, likawaka usiku wa sikukuu, na kipande kikahifadhiwa cha kuwashia gogo la mwaka ujao. Nyumba zilipokosa meko makubwa, Wafaransa wakageuza gogo kuwa keki ndefu iliyopakwa chokoleti na kuchorwa kama gome la mti. Moto ukawa kitu cha kuliwa.

Nilipofika hapo nilifunga vitabu nikajiuliza yetu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alitutajia majumba ya Pate na taa zake, na vidaka vilivyopangwa vyombo vya Sini, ambavyo baadaye vikawa viota vya ndege. Yule aliyetaka kutuonya juu ya dunia ndiye aliyetuhifadhia hesabu ya vyombo. Bila ushairi wake, nani leo angejua?

Nikamwita mjukuu wangu, nikamweleza habari za zabibu zilizoitwa tini, na za watu waliodai haki yao. Akasikiliza kwa makini. Kisha nikamwimbia wimbo ambao bibi yangu alikuwa akinibembelezea, unaotaja bumbwi. Akanikatiza:

"Babu, bumbwi ni nini?"

Nikaona haya. Nimekwenda Bristol na Massachusetts kwa vitabu kutafuta chakula cha watu, na mtoto wa nyumbani kwangu hajui bumbwi. Nikamwambia ni unga wa mchele uliotwangwa, ukachanganywa na nazi na sukari. Akauliza kikoje, sawasawa na alivyouliza pudini. Kwake yeye, vyote viwili vilikuwa maneno ya wimbo tu.

Jioni ile mke wangu aliroweka mchele. Asubuhi tukausaka mchi, ukapatikana nyuma ya mlango wa stoo, umejaa vumbi. Mtoto akatwanga kwa mikono yake mpaka akachoka, bibi yake akakuna nazi, na kabla hatujala sahani moja ikafunikwa kawa ikapelekwa kwa jirani yetu mjane. Mtoto ndiye aliyebisha hodi. Hakuimba, wala jirani hakuhitaji kudai.

Nami nikasalia na beti moja:

Chakula kikishaliwa, hubaki jina wimboni,
Na jina likichakawa, hata wimbo hauponi,
Kisokufa kwa kuliwa, ni haki ya mlangoni,
Masikini akipewa, si sadaka bali deni.